Amenikumbatia akasema tumeshasameheana, lakini hela zangu hajarudisha

BARUA

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 41, nina watoto wanne, na ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu, huu ni mwaka wa 16.

Mwaka jana mwezi wa nne, mwenzangu tunayekaa naye benchi moja kwaya, na ambaye tunafanya naye biashara hiyo hiyo ya dagaa, alinifuata akilia. Mtaji ulikuwa umekata. Akaniomba nimkopee kwenye kikoba chetu, kwa kuwa yeye si mwanachama. Mama, huyu ni mtu ambaye mimi ndiye niliyemshika mwanawe wa mwisho siku ya ubatizo. Nikachukua 600,000 kwa jina langu, nikampa zote mkononi. Hatukuandikiana. Tulikubaliana arudishe baada ya miezi mitatu pamoja na riba ya kikoba, jumla 660,000.

Mwezi wa saba akaleta 150,000. Baada ya hapo, nikimpigia anasema, "Dada, nivumilie." Baadaye akawa hapokei kabisa. Desemba tulipovunja kikoba, ile 510,000 iliyobaki ikakatwa kwenye hisa zangu. Nilitegemea 840,000, nikaondoka na 330,000 kwenye mfuko wa rambo. Hela ile ilikuwa ya binti yangu aliyemaliza kidato cha nne, amefaulu, anasubiri kuchaguliwa. Mume wangu nilimwambia mwaka huu kikoba hakikufanya vizuri. Hajui mpaka leo.

Nimesikia kwamba mzigo wake ulinyeshewa akitoka visiwani, dagaa wakaharibika akauza kwa bei ya chakula cha kuku. Wengine wanasema si kweli, hela alilipia deni lingine. Mimi nilichokiona kwa macho yangu ni kitenge kipya alichovaa Krismasi.

Kinachoniumiza ni kwamba anaongoza maombi, anasimama kushuhudia. Wiki tatu zilizopita mchungaji alihubiri Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa akakataa kusamehe. Tulipotoka nje akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Dada, sisi katika Bwana tumeshasameheana." Nikaganda. Watu wakasema amina.

Tangu siku hiyo, ikifika zamu ya Chakula cha Bwana mimi natoka nje kama ninayeenda kupokea simu. Nakiri pia kwamba nilimweleza dada mmoja wa sauti ya kwanza, na sasa naona kwaya nzima wanajua.

Mama, nikidai nitakuwa sijasamehe? Nikiacha, huyu binti yangu nitamwambia nini? Na Bwana alisema tukopeshe bila kutumaini kurudishiwa. Kuna dada mwingine ananiambia nimpeleke mahakama ya mwanzo. Pasaka inakuja, tuna nyimbo sita za kuimba pamoja, na mimi siwezi hata kushika naye kitabu kimoja cha nyimbo. Nisaidie kwa Neno.

Muuza Dagaa, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu. Amina, na asifiwe milele.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma wewe. Mara ya pili nilimkasirikia mwenzako. Mara ya tatu nikachukua kalamu nikapigia mstari maneno yako mawili: "nimesikia" na "nilichokiona". Umesikia mzigo ulinyeshewa. Umesikia alilipa deni lingine. Umeona kitenge. Nimetafuta mahali ulipoandika "nilimwuliza, naye akanijibu hivi", sijapaona. Tangu mwezi wa saba hamjakaa chini mkaongea, wewe na yeye, ana kwa ana. Simu umepiga, najua. Lakini simu ya anayekudai huita kwa mlio wa peke yake, na mimi mlio huo naufahamu kwa sababu nimewahi kuwa mdaiwa.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa tatu, mume wangu amesimamishwa kazi. Nikawa nachukua unga, sukari na sabuni kwa mkopo kwenye duka la jirani, mzee mmoja Mwislamu mwenye daftari la mistari, kila mteja na ukurasa wake. Ukurasa wangu ulipojaa akanifungulia wa pili. Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka. Kutoka bombani hadi kwangu ni dakika tano ukipita mbele ya duka lake. Mimi nikawa napita nyuma, kando ya mfereji wa maji machafu, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, robo saa nzima. Na Jumapili, mwanangu, nilikuwa naimba kuliko wote. Niliimba kwa nguvu ili nisisikie moyo wangu ulivyokuwa unanisema.

Kwa hiyo unaponiambia mwenzako anaongoza maombi huku anakukwepa, siwezi kuruka moja kwa moja nikamwita mnafiki. Huenda ni mnafiki kweli. Huenda naye anazunguka na ndoo kichwani. Mwenye jibu ni yeye, na hujamwuliza.

Sasa tuingie kwenye Mathayo 18, maana hapo ndipo ulipokwama, na kusema kweli hata mwenzako amekwama hapo hapo. Watu tumezoea kuisoma sura ile kuanzia mstari wa 23, pale mfalme anapotaka kufanya hesabu na watumwa wake. Rudi nyuma kidogo, mstari wa 15. Bwana anasema ndugu yako akikukosa, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu; akikusikia, umempata nduguyo." Maneno hayo yako kwenye sura ile ile, yametoka kwenye kinywa kile kile. Aliyeamuru kusamehe ndiye aliyeamuru kwanza kwenda na kusema. Hakusema ukae kimya ukaite kimya chako msamaha. Wewe umenyamaza miezi yote hii, na kimya hicho hakijakupa amani, kimekutoa nje ya kanisa na simu isiyoita mkononi.

Na huo mfano wenyewe hebu tuuangalie kwa hesabu, wewe ni mfanyabiashara utanielewa. Yule mtumwa alikuwa anamdai mwenzake dinari mia. Mara nyingi tunahubiriwa kana kwamba dinari mia ni hela ya pipi. Sivyo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, utaiona kwenye Mathayo 20, wale wa shamba la mizabibu. Dinari mia ni siku mia za jasho. Tuseme mbeba magunia hapo Mwaloni anapata 10,000 kwa siku: deni hilo ni shilingi 1,000,000. Hii 510,000 yako ni kama dinari 51. Bwana Yesu hakulidharau deni la mtu kwa mtu. Alitaja kiasi ambacho msikilizaji wake alijua kinauma.

Kisha akaweka upande wa pili talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa karibu dinari 6,000. Zidisha mwenyewe: siku 60,000,000 za kazi. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, atahitaji miaka 200,000 kumaliza. Hilo ndilo tulilosamehewa mimi na wewe na huyo dada. Sikuambii hivyo ili deni lako lionekane dogo. Nakuambia ili ujue unapokwenda kwa mwenzako, unatoka wapi. Unatoka kwenye nyumba ya mfalme, umeachiliwa, karatasi imechanwa. Yule mtumwa alitoka kwenye nyumba hiyo hiyo akamshika mwenzake koo: "Nilipe uwiwacho." Kosa lake lilikuwa ule mkono kwenye koo, na masikio yaliyokataa kusikia.

Na hapa nataka utulie kidogo, maana hili ndilo lililonigusa sana kwenye barua yako. Yule aliyedaiwa dinari mia alimjibu nini mdai wake? "Nivumilie, nami nitakulipa." Mwenzako alipokuwa bado anapokea simu alikuambia neno hilo hilo: "Dada, nivumilie." Hilo ni ombi la muda, na mdaiwa anayeomba muda bado anakiri kwamba anadaiwa. Lakini pale nje ya kanisa amebadilisha neno. Ametoka kwenye "nivumilie" akafika kwenye "tumeshasameheana", na katikati hakuna mlichozungumza. Mwanangu, katika mfano ule anayetamka kwamba deni limesamehewa ni mfalme, yule anayedai. Mdaiwa hana uwezo wa kulitamka kwa niaba yake, hata akiwa amekukumbatia, hata watu wakisema amina. Hukumsamehe siku ile. Ulishtukizwa. Usijilaumu kana kwamba umevunja ahadi, kwa sababu ahadi hukuitoa wewe.

Tena wokovu na kulipa havijawahi kugombana ndani ya Biblia. Zakayo alipokubaliwa na Bwana, alisimama nyumbani kwake akasema aliyemnyang'anya kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Ni baada ya hapo Yesu akasema wokovu umefika nyumba ile. Yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alitaka kumchukulia wanawe wawili wawe watumwa, alipolia kwa Elisha hakuambiwa deni ni la kidunia asilijali. Mafuta yalifanyiwa muujiza mpaka vyombo vya majirani vikaisha, na neno la kwanza la nabii baada ya muujiza ni nenda kayauze, ulipe deni, ndipo ule na wanao kinachobaki. Na kuna yule kijana wa manabii kwenye sura ya 6, aliyekuwa anakata mti Yordani, chuma cha shoka kikachomoka kikazama. Kilio chake ni kwamba shoka lenyewe lilikuwa la kuazima! Nampenda sana kijana yule. Hakusubiri mwenye shoka aje kuuliza. Kama mzigo wa mwenzako kweli ulizama kwenye mvua, alipaswa kulia hivyo mlangoni kwako siku ile ile. Zaburi 37 inasema waziwazi: "Asiye haki hukopa wala halipi."

Umeuliza juu ya kukopesha bila kutumaini malipo, Luka 6:35. Neno hilo ni la Bwana na silipunguzi makali. Ila hela uliyotoa haikuwa yako. Ilitoka kwenye sanduku la kikoba, na wanawake wenzako walikuwa wameiweka humo hisa kwa hisa, mwingine ameuza vitumbua, mwingine ameuza mkaa. Ungewezaje kuisamehe mali ya watu? Mpaka Desemba hukuwa na ruhusa hata ya kufikiria kusamehe. Sasa sanduku limeshalipwa kwa hisa zako. Deni limekuwa la kwako, na leo kwa mara ya kwanza una kitu halali cha kusamehe ukitaka.

Nimesema la kwako. Nimekosea. Ni lenu, na hapa ndipo pa kuanzia.

Kabla hujaenda kwa mwenzako, mwambie mume wako. Najua hapo moyo umeruka. Subiri watoto walale, zima redio, umwambie kama ulivyonieleza mimi: nilichukua 600,000, nikampa fulani, zimerudi 150,000, zilizobaki zilikatwa, nilikudanganya kuhusu kikoba, nisamehe. Hilo la mwisho usilimeze. Atakasirika, na ana haki. Lakini tazama jambo hili: wewe unaumia kwa sababu mwenzako anakukwepa asiseme ukweli wa hela, na ndani ya nyumba yako wewe unafanya hayo hayo kwa mtu anayelala ubavuni mwako. Mithali 31 inapoanza kumsifu yule mke hodari, kabla ya shamba na kabla ya taa isiyozimika usiku, inasema moyo wa mumewe humwamini. Ukishalivuka hilo, nakuhakikishia utakwenda kwa mwenzako ukiwa mpole zaidi, kwa sababu utakuwa umeonja kusimama upande wa anayeomba kuvumiliwa.

Kisha kuna lile la sauti ya kwanza.

Unatoka nje wakati wa Chakula cha Bwana kwa sababu unaona moyoni una neno na mwenzako. Soma vizuri Mathayo 5:23. Bwana anasema ukiwa unaleta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba *ndugu yako ana neno juu yako*, iache sadaka, nenda mpatane kwanza. Anayeambiwa aondoke hapo ni aliyemkosea mwenzake. Kwa habari ya hela, huyo ni yeye. Lakini kwa habari ya jina lake, ambalo sasa limezunguka kwaya nzima kwa sababu ya mdomo wako, huyo ni wewe. Ana neno juu yako, mwanangu, na ni neno la haki. Huenda ndiyo sababu alikukumbatia mbele ya watu, kwa kuwa alijua watu wanajua, naye alikuwa anajaribu kulifunika. Sijui, nakisia tu. Kwa hiyo siku utakapokwenda, usiende kama mdai peke yake. Nenda kama mdai ambaye naye amekuja na deni la kwake.

Na huko kutoka nje kuishe. Paulo alipowaandikia Wakorintho kwamba mtu ajihoji, aliendelea: na hivyo aule mkate. Amesema ajihoji ale, hakusema ajihoji akimbie. Kama mchungaji wako unaweza kuongea naye, mweleze kwamba umekuwa ukitoka. Si lazima umtajie jina la mtu.

Namna ya kwenda. Usimfuate kwaya baada ya mazoezi, wala usimsimamishe Mwaloni mbele ya wabeba mizigo na wateja. Kwenye kundi la WhatsApp la kwaya usiguse kabisa. Nenda kwake, peke yako, jioni. Na ukifika, kaa barazani mpaka akukaribishe. Torati, Kumbukumbu la Torati 24, ilikuwa na sheria ninayoipenda mno: ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani, simama nje, yeye ndiye akuletee. Hata maskini anayedaiwa ana mlango wake, na mlango wake una heshima. Mwenye duka wangu hakuwa amesoma Kumbukumbu la Torati, lakini ndivyo alivyofanya. Alikuja jioni moja, akasimama nje ya uzio wa mabati, akabisha hodi, na nilipotoka huku natetemeka akasema, "Mama, njia ya mbele ni ya wote. Pita. Deni tutalipanga." Tulipanga 2,000 kila wiki. Ilichukua karibu mwaka.

Ukishakaa, anza na la kwako: nilikusema kwa watu, sikupaswa, nimekuja kuomba unisamehe. Halafu muulize mzigo wa mwezi wa nne ulikuwaje. Uliza kweli, kama muuza dagaa anayemuuliza muuza dagaa. Wewe unajua dagaa wakilowa kabla hawajakauka wanavyobadilika rangi, unajua gunia la dagaa wa kula likigeuka la kuku mtu anabaki na nini. Ukisikiliza utajua kama anakuambia ukweli. Usimgusie kitenge. Huenda aliletewa, huenda ni cha vikundi, huenda ni kweli alinunua na hela yako, lakini ukianza na kitenge mtaishia kwenye kitenge.

Kisha taja deni kwa kiasi chake, bila kulizungusha: "Imebaki 510,000. Siku ile pale nje uliposema tumeshasameheana, mimi nilikuwa sijasema. Nimekuja tuseme leo." Halafu nyamaza, umwache azungumze.

Akiwa hana, utamwona hana. Hapo ndipo msamaha unapopata kazi yake, na una njia zaidi ya moja. Mnaweza kupanga alipe kidogo kidogo, 20,000 kila akirudi na mzigo. Mnaweza kukubaliana arudishe kiasi, kingine umwachie. Unaweza kumwachia yote, mkiwa mmekubaliana na mume wako kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu godoro na sare za binti yenu vinatoka mfuko huo huo. Mimi nisingekulazimisha umwachie yote, wala nisingekukataza. Ila lolote mtakaloamua, lisemeke kwa mdomo. Ukiamua kuacha, mwambie, "Sikudai tena," na kuanzia hapo hiyo habari usiisimulie kwa mtu yeyote, hata kwa mfano, hata kwa ushuhuda. Kwenye Biblia yetu, sala ya Bwana katika Mathayo 6:12 haikuandikwa "makosa" kama tunavyoisali Jumapili. Imeandikwa "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Isali hivyo wiki hii, polepole, ukiwa unaanika dagaa.

Mkipanga kulipana, andikianeni. Kuandikiana si kumtukana mtu. Yeremia alinunua shamba la ndugu yake wa ukoo kwa shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi, akaitia kwenye chombo cha udongo, na ilikuwa amri ya Mungu. Paulo alipokuwa anamwombea Onesimo kwa Filemoni hakuishia kwenye maneno ya upendo, aliandika kwa mkono wake mwenyewe: "mimi nitalipa." Ukurasa mmoja, kiasi, tarehe, sahihi mbili. Ungefanya hivyo mwaka jana, leo msingekuwa mnategemea nani anakumbuka nini.

Akikataa, akasema humdai au akakutolea maneno, usipandishe sauti. Aga, uende. Hatua inayofuata Bwana ameshaiandika: chukua mtu mmoja au wawili. Mzee wa kanisa, au yule mama mtu mzima wa umoja wa wanawake ambaye nyote wawili mnamwogopa kidogo. Paulo aliwauliza Wakorintho kwa uchungu kama kweli hakuna kati yao hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua neno la ndugu. Hapo usharikani yupo. Mahakama ya mwanzo isubiri. Sisemi ni dhambi kufika huko, lakini ninyi mna mtoto mmoja wa ubatizo, na siku atakapopata kipaimara mtasimama wote wawili mbele, kulia kwake na kushoto kwake.

La kukopea mtu kwa jina lako, mwanangu, lisirudie. Mithali 6 inamwita aliyejidhamini hivyo paa aliye mkononi mwa mwindaji, na dawa yake inayompa ni kwenda, kujinyenyekeza na kumsihi mwenzake, bila kulala usingizi mpaka amekwenda. Wewe umelala usingizi wa namna hiyo miezi minane. Siku nyingine mtu akikulilia, mpe kilicho chako, hata kama ni 50,000, umpe na uisahau. Sanduku la wenzako usiliguse kwa ajili ya mtu asiye mwanachama.

Lini uende? Umesema Pasaka inakuja. Wewe wa ziwani unajua mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa ufukweni, na Mwaloni panapoa. Pasaka ya Wayahudi ilikuwa siku ya 14 ya mwezi wao, mwezi ukiwa umejaa, na kwa hesabu hiyo hiyo wiki yetu ya mateso kila mwaka huwa na mbalamwezi. Usiku Bwana alipovuka kijito cha Kedroni kwenda bustanini, mwanga ulikuwa huo. Wiki hiyo mwenzako hatakuwa na mzigo wa kukimbilia, wala wewe. Nenda Jumatatu au Jumanne, kabla ya mazoezi ya mwisho ya kwaya. Beba daftari na kalamu mbili, na kilo moja ya dagaa wazuri, wale wa kuanika kwenye chanja wasio na mchanga, kwa ajili ya yule mtoto uliyemshika.